Gauni la Bitutu

"Usinizungushe, Luul. Sema jina lake."

"Bitutu."

"Bitutu wa wapi?"

"Karatasi haikusema wa wapi. Imeandikwa Bitutu tu, na vipimo vyake kutoka mabegani mpaka magotini. Na mwandiko ni wa mume wako. Wallahi, Mama Kerubo, naujua ule mwandiko, huniandikia orodha ya vitu kila mwezi."

Sikuacha kuzungusha mkono wa cherehani. Mshono wa ubavuni ulikuwa umebakisha inchi sita, na mshono ukiuacha katikati kitambaa hujivuta. Nikaufikisha mwisho, nikafunga uzi, nikaukata kwa meno. Ndipo nikamgeukia.

"Anza mwanzo."

Luul akakaa kwenye kigoda, akamchukua mwanangu Kerubo magotini. Mume wake, Gulled, ndiye mwenye duka la vitambaa hapa Keumbu, na hiyo cherehani niliyokuwa nashonea ilikuwa yake Luul, amenikopesha kwa wiki mbili.

"Jumatatu asubuhi," akasema, "mimi niko nyuma na mtoto wangu Asli. Walter anaingia dukani. Anamwambia Gulled, 'Nikatie yadi tatu na nusu.' Gulled anauliza, 'Ya kitambaa gani?' Anasema, 'Kile kile cha mke wangu.' Cheupe, chenye maua madogo ya buluu. Kile kile, dada! Halafu anasema kipelekwe kwa Mzee Angwenyi kishonwe haraka. Karatasi ya vipimo akaifungia humo ndani. Mimi nikaifungua."

"Kwa nini uliifungua?"

"Kwa sababu mimi ni mwanamke."

Nilicheka. Luul akanitazama kama mtu aliyeona kuku akiimba.

"Unacheka? Jumapili unafunga ndoa na huyu mtu!"

Ni kweli. Ilikuwa Jumatano, na Jumapili ile mimi na Walter Nyasani tulikuwa tusimame mbele ya mchungaji. Miaka miwili nyuma nilimfuata Walter nikiacha kwetu Kenyenya bila pete wala wimbo. Ng'ombe walipelekwa baadaye, baba yangu akatulia, Kerubo akazaliwa. Lililobaki lilikuwa kanisa. Na mimi sikuwa na haraka ya kanisa kwa ajili ya keki. Nilitaka neno. Nilitaka aulizwe mbele ya watu kama ananitaka, na mimi niulizwe, na kila mmoja ajibu kwa kinywa chake. Nilikuwa nimejiapia moyoni kwamba sitasema "ndiyo" ya uongo mbele ya Mungu, hata kama baba yangu amekuja na wazee kumi.

"Twende," nikamwambia Luul.

"Wapi?"

"Kwa Mzee Angwenyi. Nataka kuiona hiyo karatasi."

"Yule si baba mkwe wako?"

"Ndiye."

"Na huwa humpi hata mkono!"

"Ndiyo maana unakuja na mimi."

Mzee Angwenyi alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Walter, na ndiye aliyemlea. Kwa hiyo kwangu ni baba mkwe kamili. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni: baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, haingii nyumbani kwake, hazungumzi naye habari za mwili. Sasa fikiria, baba mkwe huyo ndiye fundi pekee wa nguo hapa sokoni. Wanawake wengine wanasimama mbele yake, anawazungushia futi kifuani na kiunoni, kazi inaendelea. Mimi siwezi. Afadhali nivae gunia.

Ndiyo sababu nilijiunga na masomo ya jioni. Nilianza kwa kusoma na kuandika vizuri, halafu Mwalimu Drusilla akafungua darasa la ushonaji. Alikuwa na bahasha moja ya karatasi za mfano kutoka Ulaya, juu yake mzungu mwembamba amevaa gauni la mikono mifupi, jua limemwakia. Imeandikwa ni gauni la kiangazi. Tulicheka sana, maana mvua ya Keumbu haina likizo. Lakini gauni lilikuwa zuri. Kola ndogo ya mviringo, kiuno kilichokaa, sketi inayofunguka kidogo. Tukanakili kila kipande kwenye magazeti ya zamani. Kipande cha mbele, cha nyuma, kola, mikono. Ndilo gauni nililokuwa nashona, na ndilo nililotaka kuolewa nalo.

Tulimkuta mzee kwenye baraza yake, miwani imeshuka puani. Nilisimama barabarani, hatua nane hivi, nikainamisha kichwa, nikamwita baba kwa Kigusii.

"Tata, umeamkaje?"

"Nimeamka, mokamwana, mke wa mwanangu. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo."

Mbele yake mezani kulikuwa na kitambaa cheupe chenye maua ya buluu, kimeshakatwa vipande. Alikitupia gunia juu haraka, lakini nilikuwa nimeona.

Luul hajui kunyamaza.

"Mzee, tumekuja kwa sababu ya hilo unaloficha."

Mzee akavua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Mokamwana," akasema akitazama pembeni, "mimi nina aibu. Mtoto nimemlea mwenyewe. Jumatatu anapita hapa, anasema, 'Tata mdogo, nishonee, ni ya mtu anaitwa Bitutu.' Nauliza Bitutu ni nani. Anasema, 'Ni mtu tu.' Mtu tu! Kitambaa ni kile kile ambacho soko zima linajua umenunua wewe. Mimi ni mzee lakini si mjinga."

"Hapana, Tata."

"Sasa nisikilize. Jumapili mchungaji atauliza kama kuna mwenye neno. Mimi ndiye nasimama mahali pa baba yake. Nitasimama. Nitasema huyu kijana kwanza atueleze habari za Bitutu. Siwezi kukaa kimya kanisani nikimwona binti wa watu anafungwa macho."

Nilimpenda sana yule mzee wakati ule, na nikamwogopa.

"Tata, naomba karatasi."

"Ya nini?"

"Niuone mwandiko kwa macho yangu."

Hakuweza kunipa mkononi. Alimpa Luul. Na Luul, badala ya kuniletea, akasimama palepale katikati yetu, akaanza kusoma kwa sauti ya mnadani.

"Bitutu! Kifua, thelathini na tano na nusu. Kiuno, ishirini na tisa..."

Mzee akakohoa.

"Nyonga, thelathini na tisa. Urefu wa mgongo, kumi na tano. Na hapa chini ameandika, subiri... 'Bega la kushoto lishushwe robo tatu ya inchi.' Kumbe hata bega lake liko upande! Mwanamke mwenyewe kapinda!"

"Luul, nyamaza!"

Nilipiga kelele mpaka mama aliyekuwa akiuza ndizi ng'ambo akageuka.

"Ninyamaze kwa nini? Nasoma tu."

"Nimesema nyamaza! Kunja hiyo karatasi!"

Nilipokuwa na miaka tisa nilianguka kutoka mti wa mapera kule Kenyenya, nikavunjika mfupa wa bega la kushoto. Uliunga vibaya. Ukinitazama tu huwezi kuona. Aliyeuona ni Mwalimu Drusilla, siku aliyonipima darasani, akaniambia niandike kwenye daftari langu: bega la kushoto lishushwe robo tatu ya inchi, la sivyo kola itakaa mshazari. Daftari lile lilikuwa nyumbani, kwenye rafu, juu ya unga wa mtoto.

Thelathini na tano na nusu. Ishirini na tisa. Thelathini na tisa.

Bitutu alikuwa mimi.

Na Luul alikuwa amesimama sokoni akimsomea baba mkwe wangu nyonga zangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Na nilitamani kucheka. Vyote viwili kwa pamoja, na sikuweza hata kimoja. Maana kama ningesema, "Tata, hakuna Bitutu, vipimo hivi ni vyangu," ningemsafisha Walter na kumwangamiza mzee. Mzee ambaye alikuwa ameshakata kitambaa cha kifua changu kwa mikono yake, bila kujua. Angeweka mkasi chini, asiutwae tena.

"Tata," nikasema polepole, "nimeona. Asante. Naomba kazi ya Bitutu usiiendeleze kwanza."

"Ndivyo tu? Huna neno lingine?"

"Sina, Tata."

Aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nije Keumbu, mzee alinitazama, si usoni. Alilitazama bega langu. Muda wa kupepesa jicho tu. Halafu akainama, akaanza kutafuta pini sakafuni ambazo sidhani zilikuwa zimeanguka.

Njiani Luul alikuwa amewaka.

"Nilidhani una moyo! Umeona ushahidi, unasema asante?"

"Luul, siwezi kukuambia sasa."

"Utaniambia lini? Jumapili ukishavaa pete? Hebu sikiliza. Mimi siwezi kukopesha cherehani yangu kushona gauni la kuolewa na mwongo. Naichukua."

"Mikono ya gauni bado sijaiunga!"

"Mwambie Bitutu akuungie."

Akaibeba kweli. Nilibaki na gauni lisilo na mikono, mtoto analia, na siri ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Jioni ile nikaandika kipande cha karatasi, nikampa dereva wa lori la maziwa. Walter alifanya kazi Nyansiongo, kwenye ushirika, akipima maziwa ya wakulima, na alikuwa akirudi kila Ijumaa jioni.

"Walter. Ijumaa njoo saa sita, usingoje jioni. Njoo na ukweli. Mong'ina."

Kesho yake lori likaleta jibu.

"Mke wangu mpenzi, umenitia hofu. Mtoto ni mzima? Ukweli gani? Nina ukweli mwingi, niambie nibebe upi. W."

Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka. Nikaandika nyuma ya karatasi ileile:

"Ule wa kifua thelathini na tano na nusu."

Ijumaa hata saa sita haikufika. Saa tano alikuwa mlangoni, kofia mkononi, jasho limemgandishia shati mgongoni.

"Mama Kerubo."

"Karibu. Kaa. Bitutu ni nani?"

Alikaa. Akasimama. Akakaa tena.

"Ni wewe."

"Najua ni mimi."

"Unajua? Sasa mbona umeniua kwa hofu siku nzima?"

"Bado hujafa, ngoja. Sikuulizi ni nani. Nakuuliza kwa nini."

Akaizungusha kofia vidoleni.

"Jumapili ya juzi nilikukuta unashona. Umelitandaza gauni mezani. Mbele limekatika vipande viwili, katikati kuna pengo, upande mmoja mrefu. Wewe unacheka. Nikajisemea, maskini, ameliharibu na hajui. Nilisikitika njia nzima mpaka Nyansiongo. Nikasema, mke wangu atasimama mbele ya watu wa Kenyenya na gauni lililopinda, watasema Walter alimchukua binti wao akamvalisha matambara. Nikanakili vipimo kwenye daftari lako. Nikanunua kitambaa kilekile, ili lile lako likishindikana nikubadilishie kimyakimya, hata wewe usione aibu."

"Na Bitutu?"

"Ningemwambiaje Tata mdogo anipimie mke wangu? Nilihitaji jina. Nilitaja la kwanza lililokuja kinywani."

Nilienda chumbani. Nikarudi na lile gauni lililompa majonzi, nikalitupa mapajani pake.

"Lishike. Ni kitambaa gani hicho?"

"Ni... ni kigumu."

"Soma pale kwenye ubavu."

Alisoma. "Unga wa mahindi, daraja la kwanza."

"Ni mifuko ya unga, Walter! Mwalimu anatufundisha kukata kwanza kwenye kitambaa cha bure, tukosee hapo. Karatasi ya mbele inawekwa kwenye mkunjo, na mkunjo haukatwi. Mimi niliukata. Nikacheka kwa sababu nilikuwa nimejifunza. Ndiyo maana ya kujaribu! Ungeniuliza swali moja tu, 'Mong'ina, mbona liko hivi?' Swali moja, ungelala usingizi."

"Nilidhani utaumia."

"Nimeumia sasa."

"Mama Kerubo, si mwanamke mwingine. Naapa."

"Heri angekuwa mwanamke!"

Alishtuka. Mimi pia nilishtuka, lakini nilikuwa nimeshasema, nikaendelea.

"Mwanamke ningemwona, ningejua ananishinda wapi nami namshinda wapi. Lakini wewe umekaa nyumba moja na mimi, unaniona naenda darasani jioni mtoto mgongoni, narudi na matope mpaka magotini, unaniambia 'vizuri, vizuri', na moyoni umeshaniandikia kwamba sitaweza. Umeninunulia gauni la akiba, Walter. Kesho nikianza biashara utaniwekea biashara ya akiba? Nikimsomesha Kerubo, utatafuta mama wa akiba?"

Macho yake yalikuwa yamenipita, yamefika ukutani, mahali nilipokuwa nimelitundika gauni langu la kweli. Jeupe, maua ya buluu, kola ya mviringo imelala sawasawa kama sahani, kiuno kimekaa. Halina mikono tu.

Akainuka, akalisogelea. Akageuza pindo, akatazama mishono kwa ndani. Mtu anayepima maziwa ya watu kila siku anajua kukagua.

"Hili umelishona wewe?"

"La, limeshonwa na Bitutu."

Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti.

"Nimekukosea," akasema. "Si kidogo. Sina la kujitetea. Nilikuwa naona haya kwa ajili yako, na kumbe haya ni yangu."

"Jumapili mchungaji ataniuliza kama nakukubali."

"Najua."

"Leo hii sijui nitajibu nini. Nakwambia mapema usije ukaduwaa mbele ya watu."

Kerubo akaanza kumvuta baba yake kamba ya kiatu.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Tatizo la kwanza, Tata mdogo amesema atasimama kanisani akuulize habari za Bitutu."

"Mungu wangu. Niende nimwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba amekata gauni la mkwewe? Utamzika akiwa hai."

Tulikuwa bado tunatazamana hivyo, hatujui pa kupita, mke wa mzee akabisha hodi. Hakukaa. Aliweka kifurushi mezani, akasema maneno aliyotumwa, neno kwa neno:

"Mzee anasema kazi hii imemshinda. Macho yake yamechoka. Hakushona hata mshono mmoja. Mwenye nguo atamalizia mwenyewe."

Alipotoka nikafungua. Vipande vyote vilikuwamo, vimekunjwa vizuri, na karatasi ya vipimo juu yake. Ila sehemu ya juu, palipoandikwa jina, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, imenyooka kabisa kama kwa rula.

"Sielewi," akasema Walter.

"Amejua ni mimi. Alijua palepale, Luul alipotaja bega. Ameliondoa jina ili asiwepo Bitutu, na hasemi mwenye nguo ni nani ili nisiwepo mimi. Jumapili hatasimama."

"Kwa hiyo tumepona?"

"Umepona kwa mzee. Kwangu bado. Na saa ni sita na nusu, Walter. Gauni halina mikono, Luul amechukua cherehani yake kwa sababu yako, na sisi ni Wasabato, jua likizama Sabato imeingia. Siwezi kushona kesho, na Jumapili asubuhi wageni wangu wanaanza kufika alfajiri."

Akavaa kofia.

"Cherehani iko dukani?"

"Iko dukani. Na Luul yuko juu ya moto."

Sijui waliongea nini kwa ukamilifu. Luul alinisimulia baadaye akijishika mbavu. Walter aliomba wazungumze nyuma ya duka, watu wawili tu. Akamwambia yote, na akamwomba asitoe neno kwa heshima ya mzee. Luul akamjibu, "Nimeufunga mdomo kwa pini tatu. Lakini cherehani hutaibeba kwenye gunia kama mwizi. Utaipitisha katikati ya soko, kichwani, watu wakiiona." Walter akasema, "Nipe."

Nilisikia vicheko kabla sijawaona. Nikatoka mlangoni. Mume wangu anakuja na cherehani kichwani, shingo imekaza, na Luul nyuma yake amebeba kifuniko.

"Walter! Umeacha maziwa umekuwa fundi?" mtu akampigia kelele.

"Fundi ni mke wangu! Mimi ni wa kuzungusha!"

"Na Bitutu je? Tumesikia habari!"

Walter akasimama katikati ya barabara, cherehani kichwani vilevile.

"Huyo hayuko. Sikuwa na mwanamke mwingine wala sina. Nilisema uongo wa kijinga, na mke wangu ndiye ameubeba siku tatu akiwa kimya. Mwenye la kucheka anicheke mimi."

Walimcheka kweli. Wakamcheka mpaka mlangoni. Akaiweka cherehani mezani, akavuta kigoda.

"Mlango nifunge?"

"Uache wazi."

"Haya. Nazungusha kuelekea wapi?"

"Mbele. Polepole. Nikisema simama, simama."

Kuunga mkono wa gauni ni kazi inayohitaji mikono miwili, na cherehani ya mkono inakuachia mmoja tu. Ndiyo kazi niliyoiogopa tangu mwanzo. Sasa nilikuwa na mikono yangu yote miwili kwenye kitambaa, nikiugawa ulegevu wake kidogo kidogo kuzunguka bega, na yeye anazungusha.

"Simama."

Akasimama.

"Nyanyua hicho chuma... ndiyo. Sasa tena. Nusu. Nusu nyingine."

"Wewe unajuaje pa kusimama?"

"Nakisikia kitambaa."

"Mimi sisikii kitu."

"Ndiyo maana unazungusha tu."

Akatabasamu bila kuinua kichwa. Watu walipita, wakachungulia, wakasema waliyosema. Hakuuacha mkono wa cherehani. Nilipofika bega la kushoto nilimwambia aende taratibu zaidi, akapunguza mpaka nikaweza kuhesabu kila tundu la sindano. Pindo nililishona kwa mkono, yeye akitia uzi kwenye sindano. Jua lilikuwa limebakisha kimo cha mgomba tulipokata uzi wa mwisho.

Nililivaa palepale. Nikazunguka mara moja.

Walter alinitazama kwa muda mrefu.

"Sema," nikamwambia.

"Naogopa kusema vizuri. Umesema huwa nasema vizuri, vizuri."

"Sema unachoona."

"Naona sikukufahamu. Nataka nianze."

Sikumjibu. Jibu nililiweka, kwa sababu mchungaji ndiye angekuja kuliuliza.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu wa Kenyenya walikaa kulia, baba yangu mbele, anajifanya hanitazami. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno la kuzuia ndoa hii. Benchi la mbele la kushoto likalia. Mzee Angwenyi alikuwa amesogea ili atoe leso, akapenga kamasi kwa utulivu, akaikunja leso mara nne, akairudisha mfukoni.

"Basi," akasema mchungaji. "Mong'ina, unamkubali mtu huyu?"

Nilimtazama Walter. Mkono wake wa kulia ulikuwa na lengelenge pale kidole gumba kinapokutana na kiganja, kwa ajili ya kuzungusha.

"Ndiyo," nikasema. "Namkubali. Nimempima."

Wakacheka nyuma. Mchungaji hakuelewa, lakini aliandika.

Nje, wanawake walinizunguka. Mmoja anashika kola, mwingine anageuza pindo bila hata kuomba. "Ni ya Nairobi?" "Ni ya dukani?" Mke wa Okemwa, ambaye ameolewa ukoo mmoja na mimi na hajawahi kuvaa gauni la kupimwa tangu aolewe, aliuliza mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ndogo: "Mtu anaweza kujifunza?"

Mzee Angwenyi alikuwa amesimama mbali, mahali pake pa heshima. Alimwita Walter, lakini sauti aliitoa kubwa ya kutosha kunifikia.

"Walter. Hilo gauni limeshonwa na nani?"

"Na mke wangu, Tata mdogo."

"Kola imekaa. Mabega yamekaa." Akarekebisha miwani. "Mwambie huyo fundi hivi. Wake za wanangu na wa ndugu zangu ni kumi na saba hapa Keumbu. Miaka yote wanavaa nguo zisizowatosha kwa sababu mimi siwezi kuwapima. Nina cherehani ya pili imelala bila kazi. Naweza kuiweka upande ule mwingine wa duka, na pazia katikati. Muulize kama anaweza kuanza kesho Jumatatu."

Walter akafungua mdomo. Nilimwona anakaribia kunijibia, halafu akaufunga. Akanigeukia.

"Umesikia. Unaulizwa wewe."

Nikainamisha kichwa kwa heshima, nikajibu mwenyewe kutoka nilipokuwa.

"Tata, Jumatatu ni siku ya kwanza ya ndoa yangu. Nitakuja Jumanne, na mtoto atakuja na mimi."